Kumfuatilia kirusi kwa jenomu: mwongozo kamili, kuanzia swabu hadi mti wa nasaba

Kila kirusi kina jenomu, yaani maelekezo yake ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi za kikemia. Kinapojinakili ndani ya seli, mara mojamoja hukosea herufi. Kosa likishaingia, hurithiwa na vizazi vyote vinavyofuata, kama alama ya kuzaliwa inayotoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Ukikusanya virusi kutoka kwa wagonjwa mbalimbali, ukasoma herufi zao na kulinganisha makosa hayo, unaweza kuujenga upya ukoo mzima: virusi vipi ni ndugu wa karibu, mlipuko ulianza lini, uliingia mjini mara ngapi, na kama bado unapanuka. Mwongozo huu unapitia kazi hiyo hatua kwa hatua. Unamfaa mtu wa maabara, mwanafunzi wa biolojia, afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa, na yeyote anayetaka kujua kauli za wataalamu wakati wa mlipuko zinatoka wapi na ziaminiwe kiasi gani.

Lishikwe neno moja kabla hatujaanza. Mashine ya bei kubwa na programu nzuri haviokoi sampuli iliyochukuliwa ovyo. Mengi yanayoharibika mwishoni, kwenye mti na kwenye ramani, yaliharibika siku ya kwanza, kwenye lebo ya kichupa.

Hatua ya 1: Litamke swali kwanza

Kila swali linadai sampuli zake. Ukiuliza kama wagonjwa 12 wa wodi moja wameambukizana humohumo au kila mmoja amekuja na maradhi yake, unahitaji sampuli ya kila mgonjwa wa wodi, pamoja na sampuli nyingi za watu wa nje, wa mji uleule na majuma yaleyale, za kulinganishia. Bila hizo za nje, wagonjwa wote wataonekana ndugu hata kama mji mzima una kirusi hichohicho. Ukiuliza ni anuwai ipi (kirusi kilekile katika sura iliyobadilika) inayoongezeka, unahitaji sampuli zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wiki hadi wiki. Ukiuliza mlipuko ulianza lini, unahitaji sampuli zilizotawanyika kwenye muda mrefu: thelathini za miezi sita zina faida kuliko mia tatu za juma moja.

Kisha pima kama kirusi chenyewe kinabadilika kwa kasi inayotosha kukujibu. Zidisha urefu wa jenomu kwa kasi ya mabadiliko ya kila herufi kwa mwaka. SARS-CoV-2, kirusi cha UVIKO-19, kina herufi 29,900 hivi, na kasi yake ni kama 0.0008 kwa herufi kwa mwaka. Jibu ni mabadiliko 24 kwa mwaka, mawili kila mwezi. Ebola ina herufi kama 19,000 na kasi ya 0.0012 hivi, inayokupa 23 kwa mwaka. Jenomu ya VVU ni fupi, herufi 9,700 hivi, lakini hubadilika haraka kuliko hizo mbili. Mafua A yana herufi 13,500 hivi, zilizogawanyika kwenye vipande 8 vinavyoweza kubadilishana kati ya virusi viwili. Jambo hilo tutalirudia. Mpox (homa ya nyani) ina jenomu ndefu, herufi kama 197,000 za DNA, lakini kimeng'enya chake cha kunakili husahihisha makosa, kwa hiyo kwa kawaida hubadilika polepole sana.

Hesabu hiyo ina jibu linalowashangaza wengi. Kwa UVIKO-19, kutoka mtu mmoja kuugua hadi yule aliyemwambukiza kuugua hupita siku 5 hivi. Mabadiliko 24 gawanya kwa siku 365, zidisha kwa 5: unapata 0.33, yaani theluthi moja tu ya badiliko. Kwa kanuni ya matukio adimu, katika kila jozi 10 za mwambukizaji na mwambukizwa, 7 hivi zitakuwa na jenomu zinazofanana herufi kwa herufi. Basi jenomu mbili zinazofanana hazithibitishi kwamba fulani alimwambukiza fulani. Huenda wote wawili waliambukizwa na mtu wa tatu, au kuna watu wawili katikati yao. Upande wa pili ndio wenye nguvu: wagonjwa wawili wa juma moja wakitofautiana kwa herufi 15, hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Jenomu hukanusha vizuri kuliko zinavyothibitisha. Mhudumu aliyelaumiwa kuleta ugonjwa wodini mara nyingi husafishwa jina kwa hesabu hii.

Hatua ya 2: Sampuli na lebo yake

Swabu ya pua na koo huwekwa kwenye kimiminika cha kusafirishia virusi, kisha hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi kwa saa 72 zisizozidi. Ikichelewa zaidi ya hapo, igandishwe kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri au baridi zaidi. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara hukatakata RNA, yaani uzi unaobeba herufi za virusi vingi, kwa hiyo gawa sampuli kwenye vichupa viwili au vitatu siku ileile ya kwanza, ili kila ukihitaji uyeyushe kimoja tu.

Angalia namba ya Ct, yaani mzunguko wa PCR (kipimo kinachonakili herufi za kirusi tena na tena) ambapo mashine inaanza kukiona kirusi. Ct ikiwa ndogo, virusi ni vingi. Kila tofauti ya 3.3 ni mara kumi, kwa hiyo sampuli ya Ct 20 ina virusi kama mara elfu moja ya ile ya Ct 30. Chini ya 28 au 30 utasoma jenomu karibu yote. Ikipita 33 utapata viraka. Usijaze sahani nzima kwa sampuli za Ct 36 ukitumaini muujiza. Hata hivyo, kuchagua zenye Ct ndogo peke yake ni kupendelea wagonjwa waliopimwa mapema au wenye virusi vingi, na upendeleo huo lazima uandikwe.

Taarifa za chini kabisa zinazopaswa kuandamana na kila sampuli ni hizi: namba isiyo na jina la mtu, tarehe ya kuchukuliwa, eneo hadi ngazi ya wilaya, kundi la umri, jinsia, safari za siku 14 zilizopita, na sababu iliyofanya sampuli hii ichaguliwe. Hiyo ya mwisho husahaulika kuliko zote. Sampuli za kawaida za wiki zikichanganywa na zile zilizoletwa kwa kuwa daktari alishuku anuwai mpya, mchanganyiko wake utaonyesha anuwai hiyo ikipaa hata kama imetulia tuli.

Tarehe inastahili aya yake. Ziko tatu zinazochanganywa: siku sampuli ilipochukuliwa, siku ilipofika maabara, na siku iliposomwa. Saa ya molekuli, yaani kukadiria muda kwa kuhesabu mabadiliko ya kirusi (Hatua ya 6), inataka ya kwanza tu. Andika mwaka, mwezi, siku: 2024-03-07. Ukiandika 03/07/2024, mmoja ataisoma Machi 7 na mwingine Julai 3, na hapo umeiongezea au kuipunguzia jenomu karibu miezi minne ya maisha. Programu za majedwali zina tabia ya kugeuza tarehe zenyewe mara unapofungua faili, na hugeuza hata namba za sampuli zinazofanana na tarehe. Weka safu hizo kuwa matini kabla ya kubandika chochote.

Hatua ya 3: Kutoa RNA na kuikuza

Kirusi huuawa kwanza kwa kimiminika cha kupasulia chenye chumvi za guanidini, ndani ya kabati la usalama wa kibiolojia. Katika njia moja iliyozoeleka huchukuliwa mikrolita 140 za sampuli, na mwishoni RNA hutolewa kwenye mikrolita 60. Kimiminika hicho kisikutane kamwe na klorini ya kusafishia, maana viwili hivyo vikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Kila chupa ya taka iandikwe wazi ni ya kipi.

RNA hugeuzwa kuwa DNA, kisha hukuzwa. Kwa kirusi kinachojulikana, njia iliyoenea ni kukuza jenomu vipande vipande vinavyopandana kama vigae vya paa. Kila kipande huanzishwa na praima, vijipande vifupi vya DNA vinavyoshika mahali pa kuanzia kunakili. Seti ya praima za ARTIC ya toleo la 3 kwa SARS-CoV-2, kwa mfano, ilikuwa na vipande 98 vya herufi 400 hivi kila kimoja. Vipande vya namba witiri hukuzwa kwenye kichupa kimoja na vya namba shufwa kwenye kingine. Ukiviweka pamoja, praima za majirani zitakutana pale vinapopandana na kukuza kijipande kifupi cha mpandano. Kifupi hukua haraka kuliko kirefu, kwa hiyo kitakula vitendanishi vyote. Mizunguko ni 35 hivi. Ukiongeza sana, unakuza takataka.

Matatizo makubwa hapa ni mawili.

La kwanza ni praima kushindwa kushika kwa sababu kirusi kimebadilika mahali hasa inaposhikia. Anuwai ya Delta ya UVIKO-19 ilipokuja na badiliko liitwalo G142D, kipande cha 72 cha toleo la 3 kilidondoka kwenye sampuli nyingi, na sehemu hiyo ya jenomu ikawa tupu. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kipande kilekile kinakosekana kwenye sampuli nyingi za Ct nzuri. Sampuli dhaifu hupoteza vipande bila mpangilio. Praima mbovu hupoteza kimoja, palepale, kila mara. Dawa ni kupata toleo jipya la praima. Wakati mwingine udondokaji huu una faida: anuwai ya Alpha ilikosa herufi za asidi amino ya 69 na 70 kwenye protini ya mwiba, na kipimo kimoja cha PCR chenye shabaha tatu kikawa kinakosa shabaha moja. Maabara zikaweza kuihesabu Alpha bila kusoma jenomu.

La pili ni uchafuzi. Kichupa kimoja kilichomaliza mizunguko 35 kina nakala kwa mabilioni, na tone lisiloonekana linatosha kuchafua kazi ya kesho. Tumia vyumba vitatu, au angalau makabati matatu: cha kuchanganyia vitendanishi ambamo sampuli haiingii kabisa, cha sampuli, na cha mazao ya PCR. Watu na makoti hutembea upande mmoja tu; hakuna kurudi nyuma siku hiyo. Katika sahani ya visima 96 weka angalau viwili vya maji matupu: kimoja kilichoanzia kwenye kutoa RNA, kingine kwenye PCR. Maji yakisomeka kuwa na kirusi, utajua pia uchafu uliingilia wapi. Sahani yenye maji machafu hairekebishwi kwa kompyuta, inarudiwa.

Kirusi kisichojulikana hakina praima. Hapo husomwa RNA yote iliyomo kwenye sampuli, ya mgonjwa, ya bakteria na ya kila kitu, kisha kompyuta huunganisha vipande na kutafuta kinachofanana na familia za virusi. Ndivyo timu ya Zhang Yongzhen nchini China ilivyopata jenomu ya SARS-CoV-2 iliyowekwa wazi kwa dunia Januari 11, 2020.

Hatua ya 4: Kusoma herufi na kuandika jenomu

Mashine za Illumina husoma vipande vifupi, kwa kawaida herufi 150 kila upande, kwa usahihi mkubwa, na kazi huchukua siku moja au zaidi. MinION ya Oxford Nanopore hutosha kiganjani, huvuta uzi wa DNA kupitia kitundu kidogo mno na kusoma mabadiliko ya umeme, nayo hutoa majibu huku bado inasoma. Mwaka 2015 timu iliipeleka Guinea kwenye mizigo ya kawaida ya ndege, ikasoma sampuli 142 za Ebola, na baadhi ya majibu yalitoka ndani ya saa 24 tangu sampuli kupokelewa. Kwa mlipuko unaoendelea, kasi hiyo ina thamani kuliko usahihi wa herufi ya mwisho.

Kazi ya kompyuta inafuata mpangilio huu:

1. Tenganisha sampuli kwa vitambulisho vyake, yaani herufi chache zilizobandikwa kwenye vipande vya kila sampuli. Kwa Nanopore, dai kitambulisho kionekane kwenye ncha zote mbili. Kudai ncha moja tu huruhusu herufi za sampuli ya jirani kuingia.
2. Tupa vipande vifupi au virefu kupita kiasi. Kwa vigae vya herufi 400, baki na 400 hadi 700 hivi.
3. Panga vipande juu ya jenomu rejea, ile ya kulinganishia. Kwa SARS-CoV-2 hiyo ni Wuhan-Hu-1, herufi 29,903.
4. Kata praima. Praima ilitengenezwa kiwandani na haikutoka kwa mgonjwa. Ukiiacha, utasoma herufi za kiwandani ukidhani ni za kirusi, na badiliko lililo chini yake litafichika.
5. Andika jenomu ya wastani, yaani kila mahali herufi iliyosomwa na vipande vingi zaidi. Mahali palipopitiwa na vipande chini ya 20 kwa Nanopore, au chini ya 10 kwa Illumina, andika N.

Kuhusu hiyo N, hapana mjadala. Wapo wanaojaza mapengo kwa herufi za jenomu rejea ili faili ionekane kamili. Wakifanya hivyo wanaipa sampuli ya leo herufi za babu yake. Jenomu itaonekana ya zamani kuliko ilivyo, saa itaonekana kwenda polepole, na mahali kiraka kinapokutana na herufi halisi patafanana na kirusi kilichochanganyika kutoka kwa wazazi wawili. N maana yake "hatukupaona", na hilo ni jibu la kweli.

Kabla ya kuendelea, kagua. Kwa mti wa nasaba taka angalau asilimia 90 ya jenomu iwe imesomeka; kwa kutaja jina la ukoo tu, asilimia 70 inaweza kukutosha. Tilia shaka jenomu yenye mabadiliko mengi ambayo ndugu zake hawana. Tilia shaka pengo la herufi moja katikati ya jeni, hasa pale herufi ileile inapojirudia mara tano au sita, maana hapo Nanopore huhesabu vibaya. Na ukikuta mahali pengi ambapo herufi mbili zinagombania nafasi moja, ama mgonjwa ana anuwai mbili, ama sampuli zimechanganyika. La pili hutokea mara nyingi kuliko la kwanza.

Hatua ya 5: Kuupanda mti na kuusoma

Jenomu zote hupangwa sambamba ili herufi ya 1,000 ya kila moja ikae chini ya mwenzake. MAFFT ni programu inayotumika sana. Ficha ncha, ambako usomaji ni dhaifu: kwa SARS-CoV-2 ni desturi kuficha herufi 55 za mwanzo na 100 za mwisho. Kisha IQ-TREE au programu kama hiyo hutafuta mti unaoelezea tofauti hizo kwa uwezekano mkubwa zaidi. Iache ichague yenyewe kielelezo cha mabadiliko. Halafu iambie irudie kuujenga mti mara 1,000 kwa data iliyochaguliwa upya (huitwa butstrapu), na kila fundo, yaani mahali matawi yanapoachana, litapewa asilimia. Kwa butstrapu ya haraka ya IQ-TREE, amini fundo lenye 95 kwenda juu. Kwa ile ya kawaida, 70 kwenda juu. Fundo lenye 40 lichukulie kuwa halipo.

Kusoma mti kunawapotosha hata wenye shahada. Ndugu ni wale wanaokutana kwenye fundo la karibu, hata kama kwenye karatasi wamechorwa mbali. Kila fundo linaweza kuzungushwa kama tawi la mti halisi linavyopeperushwa na upepo, na ukoo haubadiliki. Urefu wa kulala ndio wenye maana. Wa kusimama ni wa kupendezesha mchoro.

Mti mmoja unadhani kila kirusi kina mzazi mmoja. Mafua huvunja sheria hiyo kwa kubadilishana vipande vyake 8, kwa hiyo jenga mti wa kila kipande peke yake: kirusi kinachokaa na jamaa hawa kwenye mti wa kipande cha 4 na jamaa wengine kwenye mti wa kipande cha 6 kimechanganyika. VVU na virusi vya korona hubadilishana sehemu katikati ya jenomu; XBB, anuwai ya UVIKO-19, ilizaliwa hivyo. Tafuta mchanganyiko kabla ya kutafuta tarehe, la sivyo saa itakudanganya.

Hatua ya 6: Kuisoma saa

Chora mchoro mmoja mwepesi kabla ya programu yoyote nzito: tarehe ya sampuli kwenye mstari wa chini, idadi ya mabadiliko tangu mzizi wa mti kwenye mstari wa kusimama. Tuseme sampuli za Januari zina mabadiliko 4 na za Julai zina 16. Mabadiliko 12 kwa miezi 6 ni mawili kwa mwezi. Rudi nyuma kwa mwendo huo: Januari yalikuwa 4, kwa hiyo sifuri ilikuwa Novemba. Huo ndio wakati wa babu wa sampuli zako zote. TempEst huchora mchoro huu kwa dakika chache. Nukta zikitawanyika kama nyota, bila mstari, data yako haina saa. Ongeza sampuli za miezi mingine, usilazimishe. Nukta moja ikiruka mbali na mstari, rudi kwenye lebo ya kichupa kwanza. Mara nyingi utakuta siku na mwezi vimebadilishana nafasi.

Mstari ukisimama vizuri, TreeTime hukupa mti wenye tarehe kwa haraka, na BEAST hukupa tarehe pamoja na upana wa shaka baada ya saa au siku za kukokotoa. Upana huo uandikwe daima. Babu wa sampuli si mgonjwa wa kwanza: wagonjwa waliotangulia wanaweza kuwa waliambukiza watu ambao hamkuwapima kamwe.

Nguvu ya saa inaonekana kwenye VVU. Sampuli mbili za kale kutoka Kinshasa, moja ya 1959 na nyingine ya 1960, zilikuwa tayari zimetofautiana mno. Tofauti kubwa hivyo haiwezi kujengeka kwa miaka michache, kwa hiyo kirusi kilikuwa kikizunguka miongoni mwa watu miongo kadhaa kabla. Makadirio yaliyochapishwa 2014 yalimweka babu wa mlipuko mkuu Kinshasa, karibu 1920.

Saa inayosimama nayo hutoa habari. Ebola ilipozuka tena Guinea mwanzoni mwa 2021, ingekuwa imeendelea kuambukiza watu tangu mlipuko wa 2014 hadi 2016, tungetarajia zaidi ya mabadiliko 100. Yalikutwa machache mno. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba kirusi kilikaa kimya kwa miaka ndani ya mwili wa manusura, kisha kikaamka. Matokeo hayo yana uzito kwa watu halisi: manusura wanahitaji matunzo na vipimo vya muda mrefu, na wanahitaji kulindwa dhidi ya unyanyapaa ambao habari hiyo inaweza kuuleta.

Usihesabu makosa tu. Tazama pia ni ya aina gani. Kwenye mpox, kundi la vimeng'enya vya binadamu viitwavyo APOBEC3 huacha alama maalumu: TC inageuka TT. Alama hizo zilipoonekana kwa wingi, zilionyesha kwamba kirusi kilikuwa kikipita kutoka mtu hadi mtu tangu 2016 hivi, miaka sita kabla ya dunia kushtuka.

Hatua ya 7: Kutoka mti hadi ramani

Ipe kila ncha ya mti jina la mahali, na programu itakadiria kila fundo lilikuwa wapi. Hapa ndipo upendeleo wa sampuli huumiza kuliko popote. Nchi inayosoma jenomu 10,000 itaonekana chanzo cha kila kitu, na jirani yake aliyesoma 20 ataonekana anapokea tu. Punguza: chagua idadi sawa kwa kila mahali na kila wiki, au idadi inayolingana na wagonjwa waliothibitishwa, rudia uchaguzi mara kadhaa, na uone kama njia zilezile zinajitokeza. Njia inayoonekana mara mbili kati ya kumi usiichore kwenye ramani. Anuwai ya Omicron iliripotiwa Novemba 2021 na wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini kwa sababu walikuwa wanatazama. Kugundua mapema si ushahidi wa kuwa chanzo, na nchi iliyotoa taarifa kwa uaminifu haistahili kufungiwa milango.

Hatua ya 8: Kasi ya kuenea

Wagonjwa wakiongezeka maradufu kila siku 7, kasi ya ukuaji ni 0.693 gawanya kwa 7, yaani 0.099 kwa siku. Zidisha kwa siku 5 za kati ya mgonjwa na mgonjwa: 0.5. Ongeza 1. Kila mgonjwa anaambukiza watu 1.5 hivi. Ni makadirio ya haraka, lakini yanatosha kwa kikao cha asubuhi. Mti nao hutoa kadirio lake, kwa kuangalia jinsi matawi yanavyojigawa, na makadirio hayo mawili yakipingana sana kuna tatizo la upimaji: labda vitendanishi viliisha na wagonjwa wakaonekana wamepungua.

Hatua ya 9: Je, badiliko hili lina maana?

Mengi hayana. Kwa anuwai inayopanda, hesabu uwiano wa sehemu yake kwa sehemu iliyobaki. Ikitoka asilimia 10 kwenda 25 kwenda 50 kwa wiki tatu, uwiano ni 1 kwa 9, 1 kwa 3, 1 kwa 1: mara tatu kila wiki, bila kuyumba. Hiyo ni faida ya kweli, au ni bahati ya mkusanyiko mmoja mkubwa ulioeneza kirusi kimoja. Tofautisha kwa kuangalia miji mingine: bahati haijirudii kwa mwendo uleule mahali pengi. Dalili nyingine nzito ni badiliko lilelile kuzuka kwenye koo tofauti, kama N501Y ilivyozuka kwenye Alpha, Beta na Gamma kila moja kivyake.

Ndipo maabara ithibitishe. Damu ya waliochanjwa au waliopona huzimuliwa 1 kwa 20, 1 kwa 40, na kuendelea, kisha hukutanishwa na virusi bandia visivyoweza kuzaliana vilivyovishwa protini ya anuwai. Huangaliwa ni kwenye mzimuo upi nusu ya maambukizi bado inazuiwa. Kwa mafua, vipimo vya namna hii kutoka duniani kote huwekwa mezani mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, pale Shirika la Afya Duniani linapopendekeza virusi vya kuwekwa kwenye chanjo.

Hatua ya 10: Kutoa matokeo

Weka jenomu mapema kwenye hifadhidata za kimataifa za GISAID au GenBank, pamoja na tarehe na eneo. Ondoa kinachoweza kumtambulisha mtu: umri kamili, kijiji na siku ya kulazwa vikikaa pamoja vinatosha kumtaja mgonjwa kwa majirani zake. Kwa VVU uangalifu uwe maradufu, maana kuna mahali ambapo miti imepelekwa mahakamani.

Ripoti iandikwe kwa namna hii: "Jenomu 31 kati ya 40 zimesomeka kwa asilimia 90 au zaidi. Zinaonyesha angalau maingizo matatu tofauti, na si chini ya hapo. Wagonjwa wa 4 na wa 9 hawakuambukizana moja kwa moja. Kuhusu wagonjwa wa 2, 5 na 6, jenomu zinafanana na hazitoshi kusema nani alianza." Msomaji wa wizara ataitumia ripoti hiyo siku hiyohiyo.

RNA iliyobaki irudishwe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, kwenye kichupa chenye namba ileile iliyoko kwenye jedwali, kwa wino usiofutika kwa pombe. Ile sampuli ya Kinshasa ya 1960 ilikuwa kipande cha tishu kilichokaa kwenye nta kwa karibu miaka 50 kabla ya kusomwa, na mji wake na mwaka wake vilikuwa bado vinajulikana.